MAYAI YA AJABU NA DENI LETU

(Haya ni maneno ya Kamati ya Kuku ya Ushirika wetu, yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama chini ya mwembe. Tumeyaandika hapa ukutani kwa mkono kwa ajili ya ndugu ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Tafadhali karatasi isichanwe, watoto wasichezee.)



Leo Kamati haikuja kuwasomea hesabu za trei. Hesabu zipo ofisini, mwenye shaka aende akaangalie daftari. Leo tumekuja na kikapu hiki mnachokiona mezani. Ndani mna mayai 11. Tumeyakusanya hapa hapa kijijini kwa muda wa wiki mbili, na hakuna hata moja ambalo mnunuzi wa mjini angekubali kulilipia.

Hebu tazameni. Hili moja ni dogo kama la njiwa. Haya mawili ni makubwa kupita kawaida. Haya mawili mengine hayana ganda kabisa, ukiyashika yanabonyea kama kibofu. Hili lina mikunjo kama uso wa mzee. Hili lina vipele. Hili lina mshipi katikati, kama mtu aliyefunga kamba kiunoni. Hili ni kubwa mno, linataka kufanana na la bata, na ukilitikisa unasikia kitu kinagonga ndani. Na haya mawili ya mwisho kwa nje ni mazima, lakini ndani yana mambo yake, tutayaona.

Tunaona wengine mmeanza kurudi nyuma. Msirudi nyuma jamani. Sisi tumelala nayo ofisini wiki mbili na hakuna aliyeota pembe.

KWA NINI TUMEKUJA NA MAYAI HAYA

Mnakumbuka vizuri mambo yaliyotokea wakati wa mvua za mwezi wa tatu. Hatutataja jina la mtu, maana wote tunajua. Kuku wa bibi mmoja mjane alitaga yai dogo kama hili. Hakutaga kwake, alitaga kwenye ghala la jirani, kama kuku wetu wanavyofanya kila siku. Watoto wakaliokota. Nyumba ile ile kulikuwa na mtoto mwenye homa kali. Basi, watu wakaunganisha yai na homa. Kabla jua halijazama neno lilikuwa limezunguka kijiji kizima: ati bibi ametuma yai.

Usiku watu wakaenda kwake. Kuku akakamatwa, akachomwa moto pamoja na yai lake. Mawe yakarushwa juu ya bati. Bibi alilala chini ya kitanda, na mjukuu wake pamoja naye.

Mtoto yule alipelekwa zahanati asubuhi. Akapimwa damu, akakutwa na malaria. Akapewa dawa, na leo anacheza mpira hapa uwanjani. Yai halikumfanya kitu, mbu ndiye aliyemuuma.

Sasa ndugu zetu, Kamati inataka kusema neno gumu. Usiku ule sisi Kamati tulikuwepo kijijini. Wengine wetu tulisikia kelele tukafunga milango. Mmoja wetu alikuwepo pale pale, hakurusha jiwe, lakini pia hakusema kitu. Na jambo lenyewe ni kwamba tulikuwa tunajua. Kati ya wajumbe saba wa Kamati, wanne wamewahi kupata yai dogo namna ile kwa kuku wao. Tuliyafukia nyuma ya nyumba tukanyamaza, kwa kuogopa majirani.

Tungesema siku ile, "Jamani, hata kwangu limetagwa," pengine kila mtu angerudi kulala. Hatukusema. Katika mikoa yetu hii ya Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho hayo yameletwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Sisi tulifika karibu sana na jambo hilo. Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni somo la kuku, lakini pia ni deni.

YAI LINATENGENEZWAJE

Kila mtu aliyewahi kumpasua mtetea ameona: ndani mna shada la viini vya njano, vikubwa kwa vidogo. Hiyo ni akiba yake. Kuku jike anaumbwa na mashada mawili, la kulia na la kushoto, lakini kwa kawaida ni la kushoto tu ndilo linalokua na kufanya kazi.

Kiini kikishakomaa kinaachia, kinadakwa na mrija wenye mdomo mpana kama faneli. Hapo kinakaa kama robo saa hivi. Kama kuna jogoo, mbegu zake zinakutana na kiini hapo hapo. Kisha kinateremka sehemu ndefu ya mrija, na kwa muda wa saa tatu kinavikwa ute mweupe. Halafu kinaingia sehemu nyembamba, na kwa saa moja na kidogo kinavikwa zile ngozi mbili laini mnazoziona mkimenya yai la kuchemsha. Mwisho kinafika kwenye mfuko wa kutengenezea ganda. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo: karibu saa 20. Ganda karibu lote ni chokaa, na rangi yake inapakwa mwishoni.

Jumla ya safari ni kama saa 25. Ndiyo maana kuku akitaga leo asubuhi, kesho anachelewa kidogo, keshokutwa anachelewa zaidi, halafu anaruka siku.

Sasa fikirini wenyewe. Safari ya saa 25, yenye vituo vinne, ndani ya tumbo la kiumbe anayekimbizwa na mbwa, anayenyeshewa, anayeshinda njaa. Je, ni ajabu mara moja moja kitu kikienda kombo? Hata basi la mjini haliji kila siku kwa wakati wake.

TUYATAZAME MOJA MOJA

Yai dogo kama la njiwa. Wakati mwingine kipande kidogo cha nyama ya mrija hubanduka, au tone la damu iliyoganda hudondoka. Mrija hauna macho. Unadhani ni kiini. Unakivika ute, unakivika ngozi, unakivika ganda, kinatoka yai dogo lisilo na kiini. Tunalipasua mbele yenu... mnaona? Ute mtupu, na kitu kidogo cha rangi ya kahawia katikati. Basi, huo ndio "uchawi" wenyewe. Kuku aliyelitaga alitaga la kawaida siku chache baadaye. Kuku wa bibi naye angetaga la kawaida, kama tungemwachia.

Msidhani ujinga huu ni wa kwetu peke yetu. Wazungu wa zamani waliamini kwamba yai la namna hii limetagwa na jogoo, na kwamba likiatamiwa litatoa joka linaloua watu kwa kuwatazama. Mwaka 1474 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, jogoo alishtakiwa mbele ya mahakimu kwa kosa la kutaga yai. Akahukumiwa kifo, akachomwa moto hadharani pamoja na yai lake, na watu wakajaa kutazama. Zaidi ya miaka 500 imepita. Sisi tumefanya jambo lile lile, ila wao angalau walimchoma kuku wakamwacha mwenye kuku.

Na pale Basel huenda hakuwa jogoo. Mtetea ambaye lile shada lake la kushoto limeharibika kwa ugonjwa au uzee anaweza kuota kilemba kikubwa, akaota manyoya ya kijogoo, hata akawika. Kwa hiyo mkisikia mtetea anawika, msikimbilie kupiga ramli. Ni kuku mgonjwa au mzee. Mchinjeni mle mchuzi kama anaonekana mzima, basi.

Mayai makubwa mawili. Tunapasua... viini viwili. Na hili la pili, viwili pia. Hapa viini viwili vimeachia kwa pamoja, vikavikwa ganda moja. Hutokea hasa kwa tembe wanaoanza kutaga, maana mwili bado haujashika mwendo. Linaliwa, tena ni faida. Lakini msimwekee kuku aatamie. Pacha ndani ya yai moja hawana nafasi wala hewa ya kutosha, mara nyingi sana wanakufa kabla ya siku 21.

Mayai yasiyo na ganda. Haya ndiyo tunayotaka myatazame vizuri, na tutayarudia baadaye. Sababu ni nyingi. Tembe anayeanza. Kuku mzee. Kuku aliyeshtuliwa usiku, akasukuma yai kabla ya wakati. Joto kali, maana kuku akihema sana na kula kidogo, ganda linapungua unene. Kuku anayefungiwa gizani mchana kutwa bila jua. Na zaidi ya yote, upungufu wa chokaa. Ganda moja lina kama gramu 2 za madini ya chokaa. Kuku akiyakosa kwenye chakula anaazima kwenye mifupa yake mwenyewe, na akiendelea kuazima miguu inalegea. Pumba peke yake haina chokaa ya kutosha. Halafu kuna ugonjwa.

Yai lenye mikunjo. Huweza kuletwa na uzee, au kuku kubanana, au ugonjwa wa mafua ya kuku uliopita ukaharibu mrija. Kama ute wake ni wa majimaji kama huu, na kuku wamekuwa wakikohoa na kupiga chafya, mwiteni mtaalamu wa mifugo.

Yai lenye vipele. Ni chokaa iliyozidi, imeganda nje. Halina ubaya.

Yai lenye mshipi. Lilipasuka likiwa bado tumboni, kuku alipogongwa au kushtuka, kisha mwili ukaliziba kama fundi anavyoziba ufa wa ukuta. Mkiyaona mengi, ulizeni nani anawakimbiza kuku jioni. Watoto, mnasikia?

Yai kubwa linalogonga ndani. Tunapasua polepole... Haya, tazameni wenyewe. Ndani ya yai mna yai jingine na ganda lake! Tulisikia mama mmoja anapiga kelele hapo mbele. Tulia mama. Yai lilikuwa tayari kutoka, mrija ukalirudisha juu badala ya kulisukuma chini. Huko juu likakutana na kiini kingine, wakateremka wote, likavikwa ganda la pili. Ni nadra, lakini hutokea, na dunia nzima limeonekana.

Yai lenye damu. Hili kwa nje ni zima. Ndani mna tone la damu juu ya kiini. Ni mshipa mdogo tu uliopasuka kiini kilipoachia. Wala halina maana kwamba kifaranga alianza kuumbwa, hata kuku asiye na jogoo hulitaga. Ondoeni tone kwa ncha ya kisu, pikeni.

Yai la mwisho. Kiini chake si cha njano, ni kijani-kahawia kama matope. Mwenye yai hili alituambia amelogwa na wifi yake. Tulimwuliza: kuku wako wanakula nini? Akasema: mashudu ya pamba, nayapata bei rahisi. Basi ni hayo mashudu! Mbegu ya pamba ina sumu yake ndogo inayobadilisha rangi ya kiini, na mafuta yake yanaweza kuufanya hata ute mweupe uwe wa waridi, hasa yai likikaa siku nyingi. Sisi tunaokaa penye pamba ndio tutakaoliona zaidi. Punguza mashudu ya pamba, ongeza ya alizeti, na wifi uende ukamsalimie.

Hali kadhalika kiini cheupe sana maana yake kuku hapati majani. Mpeni mchicha, majani ya kunde, nyasi mbichi, au mahindi ya njano, kitarudi rangi.

TULIVYOPATA HASARA MARA YA PILI

Ndugu wanaushirika, hapa ndipo penye uchungu. Baada ya usiku ule wa mawe, watu waliogopa. Nani atakubali kusema kuku wake ametaga kitu cha ajabu? Kila mmoja akawa anafukia.

Mwezi wa sita mayai laini yalitagwa kwenye nyumba nyingi za kitongoji cha juu katika siku zile zile. Tunajua sasa kwa sababu tumepita nyumba kwa nyumba tukauliza. Lakini wakati ule kila mwenye nyumba alidhani ni yeye peke yake. Siku chache baadaye kuku wakaanza kusinzia, kuharisha kijani, kupinda shingo, kufa. Kilikuwa kideri, wengine mnakiita mdondo. Kuku walikwisha kitongoji kizima, na kwa kuwa watu walikimbilia kuwauza wale waliobaki, wakakishusha kitongoji cha chini. Trei tulizokuwa tukipeleka mjini zikakatika. Akina mama waliokuwa wakilipia daftari na sare kwa mayai wanajua walivyohangaika.

Hatusemi kila yai laini ni kideri. La hasha. Lakini shikeni kanuni hii, na mwandishi wetu ameiandika kwa herufi kubwa:

YAI MOJA LA AJABU NI BAHATI MBAYA YA KUKU MMOJA. MAYAI YA AJABU MENGI, KWA KUKU WENGI, KWA WAKATI MMOJA, NI KENGELE YA UGONJWA.

Tungeyaweka mayai yale mezani pamoja, kengele ingesikika. Tungesimamisha kuuza na kununua kuku, tungewatenga wagonjwa, na kitongoji cha chini kingewahi chanjo. Lakini kengele ilifukiwa nyuma ya nyumba na kila mtu peke yake. Kumbe woga ule uliomtesa bibi ndio huo huo uliotuulia kuku.

LA KUFANYA

Kwanza, chokaa. Maganda ya mayai yasitupwe. Yaoshwe, yakaushwe motoni, yatwangwe yawe chenga, yachanganywe kwenye chakula. Yatwangwe sawasawa, maana kuku akilitambua ganda atajifunza kula mayai yake. Maganda ya konokono wa ziwani nayo ni mazuri. Mifupa ichomwe mpaka iwe myeupe, itwangwe. Vumbi la dagaa lina chokaa na nyama pamoja, ila msizidishe, mayai yatanuka samaki.

Pili, jua na maji. Kuku afunguliwe asubuhi, apate jua. Maji safi yawepo kivulini siku nzima, hasa kiangazi.

Tatu, viota. Kila kuku watano angalau kiota kimoja, chenye nyasi kavu, mahali pa kimya. Kuku mwenye kiota kizuri hatagi ghalani kwa jirani. Mayai yaokotwe kila siku. Yai laini liondolewe mara moja, likivunjika kuku watalionja na hawataacha tena.

Nne, chanjo ya kideri. Ile ya tone la jicho iitwayo I-2, tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe kuku wazima, vifaranga pia. Chanjo si dawa ya kutibu, kuku akishaugua kideri hakuna dawa. Siku ya chanjo ikitangazwa, kuku wasifunguliwe mpaka wachanjaji wapite. Nyumba moja ikikataa, sisi wote tumekataa.

Tano, dawa. Kuku akipewa dawa za vidonda au kuharisha, mayai yake yasiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye paketi ziishe. Asiyejua kusoma paketi aje ofisini.

Sita, kuchagua mayai. Ya kuatamiwa yawe ya kadiri, yenye umbo zuri na ganda laini lisilo na ufa. Dogo mno, kubwa mno, lenye mikunjo, hilo ni la jikoni. Kwa kujua kama yai ni bichi au la zamani, litieni ndani ya maji: likilala chini ni jipya, likisimama limekaa siku nyingi, likielea msilipasulie ndani ya nyumba.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja aliuliza: "Mimi nimekuta mnyoo ndani ya yai. Hilo nalo mtasema si kitu?" Tulimjibu: Mzee wetu, hilo ni kitu, lakini si uchawi. Ni mnyoo wa tumbo la kuku. Njia ya kinyesi na ya yai zinakutania mlangoni, mara chache sana mnyoo hupotea njia akapanda mrija wa yai, akavikwa ganda humo. Kuku wako wanataka dawa ya minyoo. Yai lenyewe litupwe.

Mama mmoja aliuliza: "Tangu zamani tunaambiwa mwanamke mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Na haya ya viini viwili, ati atazaa mapacha?" Tulijibu: Yai moja lina kama gramu 6 za chakula cha kujenga mwili. Mjamzito na mtoto ndio wanaolihitaji kuliko sisi wazee. Nywele na mapacha havitoki kwenye yai la kuku. Lipikwe likaiva vizuri, liliwe.

Kijana mmoja aliuliza: "Sasa mtu akipata la ajabu alifanyeje? Watu bado wana maneno." Hilo ndilo swali hasa. Tumekubaliana hivi: kuanzia leo ofisini kutakuwa na bakuli na daftari. Yeyote anayepata yai la ajabu alilete, aandikwe tarehe na kitongoji chake. Likija moja, tutalipasua tuone tucheke twende zetu. Yakija matatu kutoka nyumba tatu kwa wiki moja, tunampigia simu mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Na ili mtu asione haya, wajumbe wa Kamati wameanza wao. Majina yetu yapo ukurasa wa kwanza.

NENO LA MWISHO

Wiki iliyopita Kamati ilikwenda kwa yule bibi. Tulimpelekea mtetea mmoja mwenye vifaranga 8, badala ya yule aliyechomwa, na bati mbili za kuziba pale palipotobolewa na mawe. Tulikaa chini, tukaomba radhi.

Bibi alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Wajukuu zangu, kuku nimempokea, na bati nimezipokea. Lakini yale maneno hamkuyasema humu ndani. Mliyasema mbele ya watu. Basi nendeni mkayaondoe mbele ya watu."

Ndiyo maana tupo hapa leo, na ndiyo maana tumeyaandika ukutani. Tunatamka mbele yenu nyote: bibi yule hakufanya kosa lolote. Kuku wake alitaga yai dogo, kama kuku wa mwenyekiti wetu, kama kuku wa mweka hazina wetu. Aliyekosa ni sisi, tuliojua tukanyamaza, na nyinyi mliorusha. Kila aliyerusha anajijua. Kwake si mbali, na hodi haina gharama.

Siku ya chanjo ni Jumamosi ijayo, alfajiri. Kuku wasifunguliwe.



Sisi, Kamati ya Kuku ya Ushirika.